Jibu la Swali la Tisa

Swali la tisa liliuliza hivi: "Baada ya kuanguka, mgonjwa aliondolewa vipi mahali pale?" Nililijibu mimi, na nilidanganya.

Sikudanganya kwa kutojua kusoma. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na mmoja, katika darasa la parokia, baada ya kutwa nzima ya kufyeka msitu. Niliendelea miaka sita mpaka nikapata cheti, ambacho bado kimetundikwa ukutani kwangu hapa Mpofi, ndani ya nailoni, ili moshi usikiharibu. Karatasi hainitishi. Nikiona nafasi tupu kwenye fomu, mkono wangu huwa unataka kuijaza.

Mke wangu, Jeannette, alianguka mwezi wa kumi na moja, katika shamba letu la chini. Alikuwa na kitunga cha mihogo mgongoni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso kama wanawake wetu wanavyobeba. Mteremko ulikuwa na utelezi. Alianguka chali juu ya gogo la mti tulioukata msimu uliotangulia. Mimi nilikuwa shamba la juu. Nilimwita tule, hakuitika. Nikamaliza mstari niliokuwa nalima, nikamwita tena, kisha nikashuka.

Nilimkuta amelala macho wazi, ananitazama kwa utulivu ulionitisha kuliko kilio. Mawingu yalikuwa yameshuka, na bonde lile mvua ikinyesha hujaa maji kabla mtu hajamaliza rozari. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilikuwa na miaka sitini na sita na bado nilijivunia mgongo wangu, maana ujanani nilibeba magunia ambayo wenzangu waliishia kuyazunguka. Nikamfunga Jeannette mgongoni kwa kitenge chake, kama mama anavyofunga mtoto, nikapanda naye. Siafu waliokuwa kwenye nguo yake walihamia kwangu, wakaniuma shingo na masikio njia nzima, nami sikuwa na mkono wa kuwatoa. Tulipofika barabarani nilimlaza nikaanza kuwatoa siafu kwenye miguu yake, mmoja mmoja. Wengine vichwa vyao vilibaki kwenye ngozi. Hakulalamika hata kidogo, na nilimsifu moyoni kwa uvumilivu wake. Hapo ndipo wanaume wa kijiji walipokata miti miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza kipoyi, tukampeleka hospitali ya Kashuga kwa kupokezana.

Kwa hiyo niliposema "kipoyi", haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli ulioanzia katikati.

Aliyeuliza alikuwa Bénédicte, fundi wa viungo kutoka Goma, wale tunaowaita kine. Alikuwa anafanya utafiti juu ya watu wa Masisi na Walikale walioumia uti wa mgongo: walianguka vipi, waliletwa vipi, kitu gani kiliwasaidia kuishi na kitu gani kiliwarudishia nguvu. Kila mtu angefuatwa mwaka mzima, ziara moja kila mwezi, hata nyumbani kwake. Alimsomea Jeannette karatasi ya kukubali, polepole, na Jeannette akaweka kidole chake. Lakini siku ya maswali ya ajali homa ilimpanda, na kanuni iliruhusu mwenye nyumba ajibu kwa niaba yake. Nilivuta kiti karibu.

Sasa, saa moja kabla ya hapo, uani kwa hospitali, Viateur alikuwa ametufundisha sisi ndugu za wagonjwa. Viateur ni kijana aliyekuwa anabeba mifuko ya madini ya koltani kwenye vilima vya Rubaya mpaka siku udongo ulipomfunika. Ana miaka minne kwenye kiti cha magurudumu. Bénédicte alimchukua awafundishe wale walioumia karibuni, kwa kuwa mto huulizwa kwa aliyeuvuka.

Alishika muwa, akaupiga kwenye mkono wa kiti chake mpaka ukapasuka lakini nyuzi zikashika.

"Munaona? Imepasuka, lakini bado iko moja," akasema. "Maji bado inapita."

Kisha akauinua kwa ncha zake mbili, kama mtu anayembeba mwenzake kwa mabega na miguu. Ukakatika. Maji ya muwa yakamwagika mkononi mwake.

"Njo vile, ndivyo ilivyo. Kuanguka inapasua, kubeba mubaya inakata. Mutu akianguka, mung'oe mulango ya nyumba, mumulalishe pale, kichwa na mugongo pamoja. Hapana kumuvuta. Hapana kumufunga mugongoni."

Shingo yangu ilikuwa bado na alama za siafu. Bénédicte alipofika swali la tisa, ulimi wangu ulisema kipoyi. Swali la kumi liliuliza kama miguu ya mgonjwa ilikuwa inasikia kabla hajaondolewa. Nilisema sijui, na hilo lilikuwa kweli, maana sikumwuliza.

Miezi mitatu baadaye tulirudi Mpofi. Nilikuwa nimejifunza kila kitu. Nilijua kumgeuza kila baada ya saa mbili, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, na niliandika kila zamu kwenye daftari. Nilijua kuosha sonde, ule mpira wa kutolea mkojo, na kuuchemsha. Nilinunua kioo kidogo ili tuangalie ngozi yake mahali ambapo yeye hawezi kuona, kwa sababu kidonda cha kulalia huanza kama wekundu mdogo na humaliza mtu mzima. Katika mwaka ule wote hakupata kidonda hata kimoja. Nililainisha ubao kwa kipande cha chupa, nikaupaka mafuta ya mawese, ili ateleze juu yake kutoka kitandani mpaka kwenye kiti bila kunisubiri. Mwezi wa nane kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilisogea. Tulikitazama wote wawili kama watu wanaotazama kifaranga kinatoka kwenye yai.

Watu walinisifu. Mama mmoja wa Legio, chama cha sala cha parokia, alisema kanisani kwamba hajawahi kuona mwanaume anayemhudumia bibi yake namna ile. Nilipokea sifa zile kama mtu aliyevaa koti la mwenzake. Nyumbani nilikataza habari za siku ile. Jeannette alipoanza, "Ile siku kule chini...", nilimwambia, "Pumuzika, Mama Bibiche. Tusirudilie huzuni." Bibiche ni binti yetu mkubwa, aliyeolewa Masisi.

Ziara za kila mwezi ziliendelea. Bénédicte alikuja kwa pikipiki. Viateur alikuja kwa nyingine, amefungwa kwa dereva kwa mpira wa gurudumu ili asianguke, na kiti chake kimefungwa nyuma. Mimi niliwapokea, na maswali niliyapokea mimi vilevile. Kwetu mgeni akiuliza habari za nyumba, mwenye nyumba ndiye anayejibu. Nilijibu habari ya usingizi, ya maumivu, ya choo, na hata lile swali la kama mgonjwa ana furaha.

"Papa Hubert," Viateur aliniambia siku moja, "kule shamba mulianguka wote wawili?"

"Hapana."

"Basi ginsi gani njo wewe unajua vile tumbo yake inaamuka?"

Jeannette alicheka mpaka akashika mkono wa kiti. Bénédicte alijaribu kutocheka, akashindwa.

"Muache tu," Jeannette akasema. "Alisoma masomo ya mangaribi miaka sita. Swali ikipita bila yeye kujibu, hatalala."

Katika ziara ya kumi na moja Bénédicte alifunga fomu zake na kusema mbele yetu, "Mwezi wenye kuja njo wa mwisho. Tutarudilia maswali yote, kutoka ya kwanza. Na Mama atajibu mwenyewe. Papa, utaikala, lakini utanyamaza. Ile njo sheria ya utafiti."

Niliitikia kwa kichwa. Moyoni niliona maji ya muwa yakimwagika.

Sikuwaogopa watafiti. Fomu hata ikisahihishwa haimpigi mtu. Niliogopa macho ya Jeannette. Tumeishi pamoja miaka thelathini na minane. Nilijiambia kwamba siku atakayojua kuwa alianguka akiwa amepasuka tu, na mgongo wangu niliojivunia ndio uliomkata, atanitazama kwa namna nyingine. Nisingemlaumu. Lakini nisingeweza kumgeuza tena kitandani macho yale yakinitazama.

Siku nne kabla ya ziara, mchana, alikuwa kwenye kiti mlangoni, ungo mapajani, anachambua maharage. Nilikaa kwenye kizingiti.

"Mama Bibiche, watakuuliza ginsi ulitoka shamba."

"Eh."

"Utasema kipoyi."

Aliokota jiwe, akalitupa nje. "Kipoyi njo ilinitoa kule chini?"

"Ilikutoa barabarani."

"Mm." Akaokota jiwe lingine. "Ile maharage ulipika jana ilikuwa na mawe tatu. Moja iliniuma jino. Ukitaka nikae muzima, uniachilie mimi nichambue."

Nilichukua maji nikaenda kuosha sonde ambayo ilikuwa tayari safi.

Siku ya ziara ilifika. Bénédicte aliketi mbele ya Jeannette, fomu magotini. Viateur aliegesha kiti chake kando ya dirisha. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma, mikono nimeibana katikati ya magoti. Swali la kwanza likapita, la pili, la tatu. Jeannette alijibu bila haraka, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia ndani ya mazungumzo yale mwaka mzima. Baadhi ya majibu yake yalinishangaza. Nilikuwa nimeandika kwamba maumivu yake ni madogo. Alisema usiku ni kama moto wa makaa. Nilikuwa nimeandika kwamba lengo lake ni kutembea, kwa kuwa niliona ndilo lengo la juu kuliko yote. Alisema anataka mafiga yainuliwe, yafikie urefu wa kiti, apike mwenyewe.

"Sababu gani unataka kupika?" Bénédicte akauliza.

"Umeshakula ya Papa Hubert?"

Kisha swali la tisa.

Jeannette aligeuza kichwa akanitazama. Mimi niliangalia udongo wa sakafu. Niliona mwanya mdogo uliopita chini ya kiti chake na nikaufuata kwa macho mpaka ukutani.

"Nilibebwa kwa mugongo," akasema. "Bwana yangu njo alinifunga na kitenge, akapanda na mimi mpaka barabarani. Kipoyi ilikuja nyuma."

Kalamu ya Bénédicte ilisimama. Alifungua bahasha ya zamani, akatoa karatasi ya mwaka uliopita, akazilinganisha. "Hapa mwanzo imeandikwa kipoyi."

Sheria ilisema ninyamaze. Lakini kuna kunyamaza ambako ni kudanganya kwa mara ya pili. Nilisimama.

"Ni mimi niliyesema," nikawaambia. "Nilisikia somo la muwa, nikaona nimemukata bibi yangu. Nikaogopa. Nimemugeuza mwaka muzima, na kila mara nikimushika najua kwamba mikono hii njo..."

Viateur hakutania. Alikuwa anatazama nje.

"Ikala, Papa Bibiche," Jeannette akasema. "Swali ya kumi bado. Bénédicte, usome swali ya kumi."

Bénédicte akasoma. Je, kabla ya kuondolewa mahali pale, miguu yake ilikuwa inasikia?

"Hapana," Jeannette akasema. "Ilikuwa imeshaenda."

"Ulijua namna gani?"

"Siafu." Alijigusa goti, lile goti ambalo halimjibu. "Nilianguka karibu ya njia yao. Niliinua kichwa kidogo, nikaona zinapanda kwa muguu. Mingi. Niliziona zinaniuma, zinavuta ngozi, na sikusikia kitu. Nikasema, Jeannette, ile muguu haiko tena ya kwako. Nilimungoja Papa Bibiche na nilikuwa najua tayari. Alipochelewa, zilifika kwa tumbo, na hapa juu njo nilianza kuzisikia. Bénédicte, uandike ile: hapa juu." Akaonyesha kwa kidole mstari chini ya kitovu, na Bénédicte akaandika, na akaomba aonyeshe tena, na akapima kwa mkono.

Nilikumbuka barabara, na miguu ile miwili mapajani mwangu, na vichwa vya siafu vilivyobaki kwenye ngozi. Nilikuwa nimeuita uvumilivu.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza.

"Nilijaribu mara mbili. Ulinituma nipumuzike." Hakusema kwa uchungu. "Viateur alinionyesha ile muwa mwezi ya tatu, ulikuwa umeenda kuteka maji. Njo siku ile nilielewa sababu gani unanigeuza kama mutu anafanya kitubio. Nilisema, ataniuliza. Mutu mwenye kupenda maswali hivi, ataniuliza. Lakini kila swali ikija, unaipokea kwa mulango, haifiki kwangu."

Bénédicte aliweka kalamu chini. Ni mwanamke mkweli, na nilimheshimu zaidi kwa maneno aliyosema. "Papa, siwezi kukuapia kwamba kule kubeba hakukuongeza kitu. Hakuna mutu anaweza. Lakini miguu ilikuwa imepoteza kusikia kabla ya wewe kufika. Ile ni ya hakika, na nimeiandika."

"Na kama angeniacha pale?" Jeannette akamwuliza. "Mvua ilijaza bonde ile mangaribi. Uandike na ile."

"Haina nafasi kwenye fomu, Mama."

"Basi uandike pembeni."

Bénédicte akaandika pembeni.

Viateur alisukuma kiti chake karibu na kigoda changu, magurudumu yakagusana na goti langu. "Mimi," akasema, "wenzangu wane walinivuta kutoka udongo, wawili mikono, wawili miguu, kama mbuzi ya Noeli. Na mimi muguu wa kushoto ulikuwa bado unacheza, Papa. Niliuona unacheza. Walipofika na mimi kwenye majani, ulikuwa umelala." Alisema bila kuangalia mtu. "Mumoja wao njo alinijengea nyumba. Kila Noeli namutania, namuambia, hii mwaka univute polepole. Walikuwa wananitoa kwenye kifo. Hakuna mutu alikuwa amewafundisha ingine."

Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu mpaka chai ikaletwa.

Walipoondoka, nilimrudisha Jeannette kitandani. Alijisukuma juu ya ubao mwenyewe. Mimi nilishika tu kiti kisirudi nyuma. Nilipomgeuza ubavu, alinishika kifundo cha mkono.

"Polepole namna ile," akasema. "Leo njo umenishika kama bibi yako."

Sikuandika zamu ile kwenye daftari.

Kabla ya kufunga utafiti, Bénédicte aliomba vijiji vifundishwe kumwondoa mtu aliyeanguka, na aliniomba mimi nisimame hapa Mpofi pamoja na Viateur. Nilikubali kwa masharti yangu: kwamba nitasema ukweli wote, kutoka mwanzo wake, na kwamba Jeannette atakuwepo. Jumapili, baada ya ibada, niliung'oa mlango wa nyumba yangu kwenye bawaba nikaubeba kichwani hadi uwanja wa kanisa. Njia nzima watu waliniuliza kama nahama.

"Nahama," niliwaambia. "Munisaidie kubeba kitanda."

Tulimlaza kijana mmoja juu ya mlango, tukaonyesha namna ya kumviringisha, kichwa na mgongo pamoja, watu watano kwa sauti moja. Viateur alivunja muwa wake. Kisha nikasimama mbele ya watu walionijua tangu ujana, wengine niliowashinda kubeba magunia, nikawaambia kwamba mimi, Hubert, nilimfunga mke wangu mgongoni baada ya kuanguka, kwamba haikufaa kufanya vile, na kwamba nilipoulizwa niliandikisha uongo.

Rafiki yangu Léopold, ambaye ni mzee kunizidi na hana aibu ya kuuliza, akainua fimbo. "Na njo kule kubeba kwako kulimuvunja?"

Nilifungua kinywa. Jibu nilikuwa nalo, zima, lenye mpangilio, na sehemu yake ya mashaka kama Bénédicte alivyoliacha. Nikakifunga. Nikageuka kwa Jeannette.

"Mumuulize yeye," nikasema, nikakaa chini kwenye nyasi.

Jeannette alishika magurudumu, akajisukuma mbele mpaka miguu yake ikagusa ukingo wa mlango wetu. Alingoja watoto wanyamaze.

"Ilianza na siafu," akasema.